Safu ya Vitu vya Kale: Nimekuta kadi za besiboli ndani ya belo

SWALI: Mzee, shikamoo. Nauza makoti ya mitumba Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Juzi nilifungua belo, ndani ya begi la mgongoni la mtoto nikakuta faili lenye kurasa za nailoni. Kila ukurasa una vyumba tisa, na kila chumba kina kadi yenye picha ya mchezaji wa besiboli wa Marekani. Nyingi zimeandikwa majina ya kampuni, Topps, Donruss na Fleer, za miaka ya 1987 hadi 1991. Ila moja ni ya Mickey Mantle, 1952, na bado inang'aa. Kijana mmoja wa hapa sokoni kaiangalia kwenye simu, anasema hiyo ni mabilioni. Mtu mwingine ananipa 60,000 kwa faili zima. Niuze, au nimeukata?
Muuza makoti, Mlango Mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Safu hii imezoea kuletewa sarafu za Mjerumani zilizofukuliwa shambani. Besiboli leo ni ngeni, karibu.

Kijana hajadanganya kuhusu bei. Agosti 2022 kadi ya Mantle ya Topps ya 1952, namba 311, ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Kwa hela zetu za madafu ni karibu bilioni 30 za wakati ule. Kadi hiyo ilikuwa imepimwa na wataalamu ikapewa alama 9.5 kati ya 10.

Yako siyo. Nimelijua hilo kabla hata ya kuiona, kwa sababu umeniandikia kwamba imekaa kwenye kimoja cha vile vyumba tisa. Kurasa hizo zimetengenezwa kwa saizi ambayo Topps walianza nayo 1957, milimita 64 kwa 89 hivi. Kadi zao za 1952 zilikuwa pana na ndefu zaidi, kama 67 kwa 95. Ya kweli isingeingia humo bila kukunjwa au kupunguzwa kwa mkasi. Chukua rula ya mtoto wa shule uipime. Kisha igeuze, usome yale maandishi madogo ya nyuma. Sitashangaa ukikuta neno "Reprint". Topps wenyewe walichapa upya seti ya 1952 mwaka 1983, kwa saizi ndogo, na mwaka 1996, baada ya Mantle kufariki 1995, wakatoa tena nakala za kadi zake. Hazikuwa za utapeli. Utapeli unaanza pale mtu anapoiuza kama ya zamani.

Na hizo nyingine? Hapa ndipo wengi wanapochanganya uzee na thamani. Kadi za 1952 ni adimu kwa sababu watoto walizichezea mpaka zikachakaa, mama zao wakazitupa, na zilizododa ghalani Topps wakazimwaga baharini Atlantiki karibu mwaka 1960. Mantle yumo kwenye fungu lile la mwisho la seti, ambalo halikupata wanunuzi. Kufikia miaka ya themanini kila Mmarekani alikuwa ameshasikia bei za kadi za kale, basi akanunua mpya na kuzitunza kama cheti cha ndoa, na viwanda vikachapa bila breki. Ndiyo maana za 1987 hadi 1991 zipo tele, safi kabisa, na hazina wa kumuuzia. Kuipeleka moja Marekani ikapimwe kutakugharimu kuliko kadi yenyewe.

Kabla hujauza, pekua tena. Tafuta kampuni ya Upper Deck, mwaka 1989, kadi namba 1: kijana mwenye kofia, Ken Griffey Jr. Hiyo watu bado wanaitafuta, kwa kuwa ni kadi yake ya mwaka wa kwanza ligi kuu. Ukiikuta, itoe kwenye faili na uiweke pembeni. Tazama pembe zake nne kama zimechongoka au zimelika. Usiifute kwa kitambaa kibichi. Na tafadhali, usiipeleke steshenari ikalaminetiwe! Najua tunalaminetia hadi kadi ya kliniki, lakini kadi ya mkusanyaji ikishapita kwenye ile mashine imekufa. Iweke kwenye kimfuko kikavu, mbali na ukuta unaotoa unyevu, maana nyumba za karibu na ziwa mnazijua wenyewe.

Griffey asipokuwemo, 60,000 ni hela nzuri kuliko nilivyotarajia, na inanitia shaka kidogo kwamba mnunuzi naye kaisikia hadithi ya Mantle. Mwambie kwa mdomo wako kuwa hiyo ni nakala, mbele ya jirani wa meza ya pili. Akiendelea kuitaka, pokea hela yako.