Skana ya zamani: itibiwe au izikwe?

Wiki hizi nimeulizwa sana kuhusu skana za RFID, zile zenye kishikio kama bastola, zinazosoma lebo kwa mawimbi ya redio bila hata kuiona. Nyingi ninazozikuta kwenye maghala ya hapa Tanga zimeshavuka miaka kumi, na wenyewe wanataka kujua jambo moja: tununue mpya, au tuvute siku? Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo fundi. Natunza ghala la mkonge huku Pongwe. Skana yetu ilikuwa inasoma robota ukiwa mita nne. Siku hizi mpaka uisogeze kama unataka kulibusu. Bosi anasema imechoka. Hivi redio inachoka?

Marahaba mwanangu. Redio yenyewe huchoka mara chache sana; vinavyochoka ni vile vinavyoizunguka. Kabla bosi hajatoa hela, tenga nusu saa. Chukua lebo mpya moja, ibandike kwenye kipande cha boksi kikavu, kisha ining'inize kwenye ncha ya fimbo ya mti. Usimpe mtu aishike, maana mkono wa mtu umejaa maji na maji huyameza mawimbi haya. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka skana inyamaze, halafu pima kwa futi.

Ikiwa lebo ya kwenye boksi inasomeka mbali, skana yako ni nzima na mgonjwa yuko kwenye robota. Mkonge uliokauka vizuri hauyazuii sana mawimbi, ila ulioingia ghalani na unyevu wake huyala. Angalia pia lebo imekaaje. Baadhi ya skana zina antena inayotoa mawimbi ya mkao mmoja tu, na lebo ikigeuzwa kutoka kulala hadi kusimama inapotea machoni pake. Kibarua mpya akibadilisha namna ya kubandika, ghala zima linaonekana limeharibika.

Ikiwa hata ya kwenye boksi haisomeki mbali, ingia kwenye mipangilio utafute nguvu ya antena. Huandikwa kwa dBm. 30 ni wati 1, 27 ni nusu yake, na kila ukishuka 3 unakata nusu nyingine. Umbali haukatiki kwa kasi hiyo: ukitoka 30 kwenda 27, mita 4 zinabaki karibu 2.8. Lakini nimeshakuta ghala ambalo kijana wa zamu aliishusha hadi 18 ili betri imfikishe jioni, na hakumwambia mtu. Hesabu ya 18 ni kwamba mita 4 zinakuwa 1. Yaani kulibusu robota, kama ulivyosema.

Hapo unaona mkono wa betri. Betri ya lithiamu iliyochajiwa mara mia kadhaa inaonesha asilimia 80 kwenye kioo, kumbe ukibonyeza kitufe cha kusomea umeme wake unaporomoka, skana inajizima au inajipunguzia nguvu. Azima betri mpya ujaribu. Na hewa yetu ya pwani ina chumvi: futa vile vibati vya betri na vya kitako cha kuchajia kwa spiriti, uone. Ukimaliza yote hayo na bado ni ile ile, basi huenda waya wa antena umechomoka ndani baada ya kuangushwa. Hapo mpelekee fundi, na akisema kipuri hakipatikani tena, izikeni.

Ofisini wamebadilisha ruta. Skana zetu nne za Windows hazitaki kuingia kwenye waifai. Mtu wa mtandao anasema zitupwe tu. Anatuonea?

Hajawaonea, ingawa amekuwa na haraka. Windows Embedded Handheld 6.5, ambayo ndiyo imejaa kwenye skana za umri huo, ilikatiwa matengenezo ya usalama na Microsoft Januari 2020. Windows CE 6.0 ilishatangulia Aprili 2018, na hata Embedded Compact 2013 iliisha Oktoba 2023. Baadhi ya skana za kizazi hicho hazijui waifai ya gigahezi 5, na nyingi hazijui WPA3, ule ulinzi mpya wa waifai. Hata zikiingia kwenye waifai, seva ya siku hizi inayodai TLS 1.2, yaani namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, inaweza kuzifungia mlango, kwa sababu programu ya ndani ya nyingi haiijui.

Mwambie akufungulie mtandao mdogo wa pembeni, wa gigahezi 2.4 na WPA2, usiogusana na kompyuta za uhasibu. Au acheni waifai kabisa: someni mzigo siku nzima, jioni mpakue kwa waya kwenye kitako chake. Asije akalegeza ulinzi wa ruta yote kwa ajili ya vifaa vinne.

Lakini jipangieni mwisho. Mimi naona hii ndiyo sababu halali kuliko zote ya kubadilisha. Watu wanatazama mikwaruzo ya plastiki, na kifaa kinauawa na programu.

Kuna mtu analeta skana zilizotumika kutoka Marekani, safi kabisa, bei ya kutupa. Nichukue?

Muulize ni za masafa gani. Za Marekani husomea kati ya megahezi 902 na 928, za Ulaya kati ya 865 na 868, na nyingi za Marekani zimefungwa kiwandani: hutaweza kuzibadilisha kwa kubonyeza menyu. Lebo hazina shida, nyingi zimetengenezwa kuitikia kote kuanzia 860 hadi 960. Shida ni skana kurusha mawimbi mahali ambapo hapa nchini pana wenyewe. Mwenye kauli ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hivyo mwambie muuzaji akuoneshe uidhinishaji wa kifaa hicho hicho, kwa namba ya modeli, sio "cha kampuni hiyo". Akianza kuzungukazunguka, basi huyo ni waja leo waondoka leo. Betri ikifa, utamtafuta wapi?

Simu yangu ina NFC. Siwezi kuitumia kusomea lebo za ghalani nikaokoa hela?

Huwezi. NFC, ile redio ya kugusisha simu, ni megahezi 13.56 na husoma kwa sentimita chache. Lebo zenu za ghala ni za masafa ya juu zaidi ya hayo, hazisikilizani.

Fundi, tumeletewa skana tatu za kujaribu kwa wiki moja, kila muuzaji anasema yake inasoma mita kumi na tano. Tutajuaje ya kweli?

Kwanza nikiri dhambi. Miaka ya nyuma nilimshauri mteja mmoja wa mapipa ya mafuta atupe skana zake mbili, akanunua mpya. Zikafika, zikasoma vibaya vile vile. Lebo zilikuwa za karatasi za kawaida, zimebandikwa moja kwa moja kwenye bati la pipa, na bati huiua lebo ya namna hiyo. Zilitakiwa lebo maalumu za kubandika kwenye chuma, zile nene zenye nafasi kati ya antena na bati. Sikuwa nimebandua hata moja kuangalia. Yule mteja bado ananisalimia, ila kwa mbali.

Kwa hiyo mita 15 za muuzaji zisahau. Hizo ni za uwanjani, lebo moja, hakuna chuma wala mtu. Chagueni kona mbaya kuliko zote ghalani kwenu, ile ya rafu za chuma. Hesabuni kwa mkono mizigo mia moja yenye lebo, andikeni. Halafu skana kila moja, pamoja na ile yenu ya zamani, ipite hapo mara tatu, mtu yule yule, mwendo ule ule, nguvu ile ile ya antena. Andikeni ilikosa mingapi. Inayosoma 100, 99, 100 ni bora kuliko inayosoma 100, 91, 97, hata kama ya pili ina kasi. Rudieni saa kumi jioni, betri ikiwa imefanya kazi kutwa. Wengi huruka hilo la jioni, na ndilo linalofichua.

Ya zamani ikifungana na mpya, msione aibu kuwarudishia wauzaji mali yao.

Mengine ni ya kuuliza. Ikiwa ni Android, itaendelea kupata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani? Betri inatolewa kwa mkono au mpaka bisibisi, na ipo nchini? Imepimwa kuangukia zege kutoka mita ngapi? Sakafu zenu si za zulia. Alama ya IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaipiti, na vumbi la mkonge mnalijua. Kuhusu zile za kuvalisha simu juu ya kishikio, mimi nazipenda kwa ghala dogo, maana simu ikizeeka unabadilisha simu tu. Kwa makuli wa zamu mbili, hapana: vitu viwili, betri mbili, na simu itaondoka siku moja peke yake.

Tumeshanunua mpya. Lebo za zamani zinasomeka vizuri, lakini hesabu imezidi! Ghala lina marobota 640, skana inasema 702. Hayo 62 yanatoka wapi?

Kwa jirani. Lebo zenu ni za Gen2, kiwango kilichopitishwa 2004, ndiyo maana mpya inazisoma bila kinyongo. Ila skana mpya ina masikio makali, na sasa inasikia upande wa pili wa ukuta au lori lililoegeshwa mlangoni. Punguzeni nguvu ya antena mpaka isikie chumba chenu tu, kisha mwambieni mtu wa programu achuje kwa mwanzo wa namba zenu. Ile namba ya lebo, yenye tarakimu na herufi 24, kila kampuni hupaswa kuianza kwa namna yake. Mkikuta zenu zimeandikwa ovyo bila mpangilio, hamna cha kuchuja. Wala msikubali bidhaa mbili kubeba namba moja: hapo hesabu itapungua badala ya kuzidi, na mtamtuhumu mlinzi bure.

Nina duka la jumla Ngamiani, na stoo nyuma. Mwanangu anataka ninunue hizo skana za redio. Nifanyeje?

Mama, usinunue. Skana ya bakodi inakutosha, na daftari lako nalo lisitupwe. Mwanao mwambie nimemsalimu.

Tumebaki na skana kumi na moja mbovu kwenye kabati. Betri tatu zimevimba. Tunazifanyaje?

Zile tatu ziondoeni kabatini leo. Msizitoboe, msizichaji, msizikandamize ili kifuniko kifunge. Kama betri imebana ndani ya skana, iacheni na skana yake. Zikae kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje, kivulini, mbali na mkonge, hasa mkonge. Jalalani zisiende, ulizeni NEMC, baraza la mazingira, ni nani aliyesajiliwa kukusanya taka za umeme. Zile skana nyingine nane, kabla hazijaondoka, futeni nywila ya waifai iliyohifadhiwa ndani, kisha chomoeni vifuniko na vitufe vilivyo vizima mtunze. Kitufe cha kusomea ndicho kinachokufa kwanza, na kama bado mna mbili tatu za aina hiyo kazini, mtavihitaji kabla ya mwaka kuisha.