Barua kwa mwanangu aliye zahanati

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, ule mrefu ulioniandikia baada ya zamu ya usiku. Huku hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Unaniuliza: "Mama, wewe nguvu ulikuwa unaitoa wapi miaka yote ile wodini? Mimi nikijitazama ndani sioni kitu. Najiona tapeli aliyevaa sare." Swali kama hilo siwezi kulijibu kwenye simu huku mtandao unakatika kila mara, ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Ujumbe wako karibu wote ni hofu. Namna ulivyoogopa kabla, namna ulivyotetemeka baadaye ukaenda kusimama nyuma ya jengo ili mhudumu asikuone. Kuhusu mtoto mwenyewe umeandika mistari michache tu katikati, kama mtu anayepita njia. Mimi ni mkunga, mwanangu, nikafika kwenye mistari hiyo nikakaa hapo hapo.

Umesema mtoto alitoka amelegea, halii. Ukamkausha kwa kanga, ile iliyolowa ukaiondoa, ukachukua kavu, ukamsugua mgongo. Kimya. Ukakata kitovu, ukamlaza mezani, ukashika ambubegi, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa. Ulipobonyeza, kifua hakikuinuka. Hapo ndipo ninapotaka usimame na mimi. Mtu asiyeijua kazi angebonyeza kwa nguvu zaidi, au angeacha akaanza kuita watu. Wewe ulikirudisha kichwa cha mtoto nyuma kidogo, ukaiweka maski upya mpaka ikabana mdomo na pua, ukabonyeza tena, kifua kikapanda. Pumzi hiyo aliipata kabla dakika ya kwanza haijaisha, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Ukaendelea kuhesabu mpaka akalia. Kisha ukamgeukia mama: sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 pajani, kondo la nyuma likatoka zima, ukamkanda tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukakaza.

Haya, aliyeyafanya hayo ni nani? Tapeli hajui kwamba kifua kisipoinuka, cha kuangalia kwanza ni maski na mkao wa kichwa. Wewe ulijua, na ulijua huku unaogopa. Hofu yako ilikuwepo chumbani muda wote na mtoto amepona.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Sikumbuki usiku hata mmoja nilioingia leba nikijisikia nina nguvu. Kilichonibeba ni kazi niliyoirudia mpaka ikahamia mikononi. Wewe chuoni ulikuwa unampumulisha yule mdoli wa mazoezi hadi vidole vinauma, ukinilalamikia kwamba mwalimu anawarudisha mwanzo kila mnapokosea. Nguvu unayoitafuta ilikuwa inaingia wakati ule. Huwezi kuiona kwa kujichungulia moyoni saa tisa usiku, kwa sababu haikai huko. Inatoka pale mtu anapokuhitaji na macho yako yakawa kwake, si kwako.

Na kutetemeka kule kusikutishe. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, ukapata wepesi wa kufanya lililo mbele yako. Kazi ikiisha, ile iliyobaki inakutikisa mikono na kulegeza magoti. Mimi nilikuwa nakunywa chai yenye sukari nyingi, nakaa mpaka inapita. Nimewaona wakunga wakongwe, niliowaheshimu kuliko madaktari, wakitetemeka vivyo hivyo.

Hilo la kujiona tapeli nalo hukulianza wewe. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana katika masomo na kazi zao, ambao hata hivyo waliamini wamewadanganya watu na ipo siku watagundulika. Vyeti na sifa havikuwatoa hofu. Wewe una la ziada: uko peke yako. Hospitali kubwa kuna dada wa zamu wa kukuambia "hapo umefanya vizuri." Zahanati ya kijijini alfajiri hakuna wa kukuambia hivyo, basi unabaki na sauti yako mwenyewe, na sauti ya mtu aliyechoka haina huruma.

Lakini sitaki uizibe mdomo shaka yote. Ipo inayouliza jambo lenye jibu: nimesikiliza mapigo ya moyo ya mtoto? Patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, imevuka mstari wa hatari? Nimwite dereva wa ambulensi sasa hivi? Hiyo itii, hata kama umechoka, hata kama ndugu wa mgonjwa wanakuona mwoga kwa kutoa rufaa mapema. Ipo nyingine inauliza: wewe ni nani hata ukabidhiwe roho za watu? Hiyo haina jibu na haimsaidii mzazi yeyote aliye kitandani. Ikija, ondoka ilipo, nenda kaoshe vifaa.

Umegusia kuomba uhamisho. Sikukatazi. Ila barua ya uhamisho usiiandike ukitoka zamu ya usiku. Lala kwanza, kula, ndipo uamue.

Na kila unapopokea zamu, jaribu ambubegi: ziba maski kwa kiganja, bonyeza, usikie inakataa. Halafu mganga mfawidhi akirudi kutoka semina, mwombe muwe mnafanya zoezi la kupumulisha mtoto kila wiki, na yule mhudumu awepo. Siku nyingine asisimame mlangoni tu ameshika taa. Awe anajua kukuandalia kanga kavu, kuangalia saa na kukaa na mama wakati wewe uko na mtoto.

Nakuombea kila siku.

Ni mimi,
Mama yako