Mionzi imeisha, mbona maumivu yamezidi?

Juzi msomaji ameniandikia: "Nimemaliza mionzi wiki iliyopita. Mbona koo linaniuma kuliko nilipokuwa kwenye matibabu?" Nilipousoma ujumbe ule nilijikuta nimejishika shingo.

Mimi nilipigwa mionzi ya kutibu saratani eneo la koo mara 35, siku 5 kwa wiki kwa wiki 7, na kila baada ya wiki 3 natundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani (kemo). Dawa hiyo huongezea mionzi makali dhidi ya saratani, ila na nyama isiyo na saratani iliyo jirani huungua zaidi. Wiki mbili za mwanzo nilijiona shujaa. Kufika ya nne, mate yamekuwa gundi, ulimi umejaa vidonda, kila chakula kina ladha ya chuma. Nililala nimekaa, beseni mapajani, nikivuta makohozi kwa kidole. Hakuna aliyeniambia kuwa hali huweza kuwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho. Nikadhani saratani imenishinda. Nililia peke yangu, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usikate tamaa. Madhara ya mionzi huendelea hata ukishaacha kwenda. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mara nyingi kwa siku. Dawa ya maumivu inywe kwa saa zake, usingoje uzidiwe. Homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali usiku huohuo, maana kemo hushusha kinga.

Na umeze! Nilikuwa na mpira wa kulishia tumboni, lakini mtaalamu aliponiruhusu, kila siku nilimeza mafunda mawili matatu ya maji huku machozi yakinitoka. Misuli ya koo isiyotumika hudhoofika. Leo nakula mezani na wenzangu, na ninajivunia.

Kosa langu ni masikio, ambayo sisplatini huweza kuyaharibu. Yalianza kuvuma baada ya dozi ya pili, nikanyamaza nikiogopa kupunguziwa dawa. Daktari angeweza kuibadilisha dawa hiyo mapema. Sasa mjukuu akininong'oneza, naona midomo tu ikicheza. Msifiche! Daktari hawezi kuuona mvumo ulio kichwani mwako.

Jana msomaji yule amejibu kwamba hata yeye masikio yanavuma, na hajamwambia mtu. Nimemwandikia: kesho asubuhi, nenda ukapimwe.