Fundi Bodi Anajibu: Msichomee Bamba Ndani ya Chesisi

SWALI: Shikamoo fundi. Mume wangu amegongana uso kwa uso na pikapu karibu na Mikese. Toyota IST yetu imekunjamana mbele yote, bonet imepanda hadi kwenye kioo, lakini yeye alifungua mlango akatoka mwenyewe, ana alama ya mkanda tu kifuani. Shemeji anasema magari ya siku hizi ni makopo, heri Land Rover ya zamani. Gereji moja inataka kuchomea bamba nene ndani ya chesisi ya mbele na kutufungia ngao, yale mabomba ya chuma mbele ya bampa. Tukubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole mzee. Msikubali, hata mkifanyiwa bure.

Huko kukunjamana ndiko kulikomwokoa. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, ndiye aliyetaka chumba cha abiria kiwe kigumu, mbele na nyuma pawe laini, na mwaka 1959 kampuni hiyo ikatoa gari lililojengwa hivyo, W111. Gari la kilomita 60 kwa saa likisimama kwa kujikunja sentimita 60, aliyefunga mkanda hubanwa kwa nguvu karibu mara 24 ya uzito wake. Likisimama ndani ya sentimita 10, ni karibu mara 140. Hakuna kifua cha kubeba hiyo. Chuma cha Land Rover ya zamani hakikunjiki kirahisi, basi kishindo kinamfuata dereva. Na mlango uliofunguka unaonyesha chumba kilihimili.

Vueni bampa mtazame chesisi ya mbele: ina mapindo madogo na matundu. Yamewekwa makusudi, ili chuma kianze kujikunja pale pale. Bamba likichomewa ndani, kazi hiyo imekufa, na gari litang'aa kwa rangi mpya bila mtu kujua. Ngao nayo hupeleka kishindo mahali ambapo mhandisi hakukipanga.

Linaloniuma zaidi ni mikoba ya hewa (airbag), ile inayofura ghafla gari linapogonga ili kumkinga mtu. Ule wa usukani hujaa kwa takriban sehemu 3 za 100 za sekunde, na hutumika mara moja tu. Wapo mafundi wanaogundisha kifuniko na kufunga rezista, kidude cha umeme kinacholidanganya gari kwamba mkoba upo, ili taa ya dashibodi izime. Huo ni ubaya mkubwa. Dereva anaamini ana kinga, kumbe usukani ni mtupu.

Kwa hiyo, kwanza pimeni nafasi za milango na ukuta ulio kati ya injini na miguu. Ukiwa umepinda, au nguzo ya kioo imesogea, liuzeni kwa vipuri. Kama ni vizima, chesisi iliyokunjwa ikatwe, kiwekwe kipande cha IST isiyogongwa, kiungwe palepale kiwanda kilipounga. Mikanda ya mbele ibadilishwe pamoja na mikoba, kwa kuwa mikanda hiyo nayo ina baruti ndogo ya kuivuta ambayo nayo huisha kwa mara moja. Halafu washeni gari mbele ya fundi: taa ya mkoba lazima iwake kwanza, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, msichukue gari.