Oksijeni ya shinikizo: inazibua mishipa ya mguu wa mgonjwa wa kisukari?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61 na ameishi na kisukari miaka 14. Ana kidonda chini ya unyayo, kwenye shina la kidole gumba, mwezi wa nne huu hakifungi. Jamaa yetu aliyeko Muscat anasema kuna chumba cha oksijeni ya shinikizo, mgonjwa anaingia mara 40 na mishipa ya damu iliyoziba inazibuka. Ndugu tumeshaanza kuchanga. Je, ni kweli? Tumpeleke? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, kama kidonda kinanuka, kidole kimeanza kuwa cheusi, mguu umevimba na una joto, au mzee anatetemeka kwa homa, mpeleke hospitali leo hii. Oksijeni itasubiri.

Sasa nikujibu bila kumung'unya maneno: haizibui. Ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) za mgonjwa wa kisukari huziba kwa mafuta na chokaa inayojijenga kwenye kuta zake, na mara nyingi kizuizi hukaa chini ya goti. Oksijeni haiyeyushi chokaa. Tena mgonjwa akiwa ndani ya kile chumba, mishipa yake midogo hujibana, haipanuki, na huko kujibana husaidia kupunguza uvimbe. Jamaa yenu amesikia kitu cha kweli, ila amekipokea kichwa chini miguu juu.

Ukweli wenyewe ni huu. Oksijeni karibu yote husafiri ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, chembe hizo zimejaa asilimia 97 hivi hata akiwa amekaa barazani kwake. Ukimwekea mpira wa oksijeni puani unapandisha abiria kwenye daladala ya asubuhi ambayo mlango haufungi. Kinachobaki ni plazma, yale majimaji ya damu, ambayo kwa kawaida hubeba oksijeni kiduchu sana: mililita 0.3 tu katika kila mililita 100 za damu. Mtu akivuta oksijeni tupu katika shinikizo mara 3 ya hewa ya kawaida, kiasi hicho hupanda hadi karibu mililita 6, ambazo zinatosha mwili uliopumzika hata bila msaada wa chembe nyekundu. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Ite Boerema, wa Amsterdam, alionyesha hivyo kwa watoto wa nguruwe aliowaondolea karibu chembe zote nyekundu. Waliishi ndani ya chumba cha shinikizo.

Kwa vidonda hutumika shinikizo la chini kidogo, mara 2 hadi 2.5, sawa na mzamiaji aliye mita 10 hadi 15 chini ya bahari. Kila kipindi huchukua saa moja na nusu hadi mbili, siku tano kwa wiki, vipindi 30 hadi 40. Oksijeni hufika mbali zaidi kutoka kwenye kapilari, yaani vimishipa vyembamba kabisa vya damu, chembe nyeupe hupata nguvu ya kuua bakteria, na kidonda hupata kolajeni, protini ya kujengea ngozi, ya kujifungia. Siku zinavyokwenda, mwili hupokea ishara ya kuotesha kapilari mpya. Hapo ndipo neno "mishipa" lilipotokea. Lakini hivyo ni vichochoro. Barabara kuu ikiwa imefungwa kwenye paja au ugokoni, bado imefungwa. Na hiyo plazma iliyojaa oksijeni inapita bomba lilelile.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni moja: damu inafika kwenye vidole vya mzee? Mmeshapimiwa? Daktari ashike mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, kisha atumie dopla, kifaa kinachosikiliza damu ikipita. Angalizo: presha ya kifundoni humdanganya mtu kwa wagonjwa wa kisukari, kwa sababu ateri yenye chokaa haibanwi na mkanda, ikatoa namba nzuri ya uongo. Presha ya kidole gumba cha mguu ni ya kuaminika zaidi. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, anahitaji haraka daktari wa upasuaji wa mishipa, azibue kwa puto au apitishe njia mpya. Fedha za mchango ziende huko kwanza.

Ila kwa maelezo yako, mimi nashuku ganzi kuliko kuziba. Kidonda cha shina la gumba, mahali uzito wote wa hatua unapoangukia, kwa mtu wa miaka 14 ya kisukari! Muulize: kinamuuma? Kama haumii, jibu mnalo. Mgonjwa wangu mmoja alitembea siku mbili na kokwa ya ukwaju ndani ya kiatu, akaigundua mjukuu. Mguu wa namna hii hauponi huku unakanyagiwa. Sugu iliyozunguka kidonda ichongwe na mtaalamu, awekewe plasta ngumu maalumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, au kiatu cha kuondoa mgandamizo, na kandambili ziishie mlangoni. Nimeona vidonda vya miezi sita vikifunga kwa kazi hiyo tu, na haina tangazo wala picha ya mtungi unaong'aa.

Ushahidi wa chumba chenyewe unavutana. Helsingborg, Sweden, utafiti wa wagonjwa 94 uliochapishwa 2010 ulionyesha asilimia 52 wamepona ndani ya mwaka, dhidi ya 29 kwa waliovutishwa hewa ya kawaida. Utafiti wa Kanada wa 2016 haukuona tofauti. Wa Uholanzi, 2018, ulichukua wagonjwa 120 wenye upungufu wa damu mguuni: tofauti haikutosha kuthibitisha chochote, na wengi walishindwa kumaliza vipindi. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa 2023 unairuhusu kama nyongeza, kwa kidonda chenye upungufu wa damu ambacho matibabu ya kawaida yameshindwa, na pale uwezo upo. Nami nasimama hapohapo.

Mkifikia hatua ya chumba cha oksijeni baada ya vipimo, mzee apigwe picha ya kifua kwanza. Mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu haingii kabisa. Masikio yatabana kama kwenye ndege, afundishwe kuyazibua. Avae pamba tupu, asipake mafuta ya nazi wala kuingia na simu, maana oksijeni na cheche hazichezewi. Sukari hushuka ndani ya chumba, kwa hiyo ipimwe kabla na baada. Kama anatumia insulini, asiingie na tumbo tupu. Na macho yake yanaweza kuona mbali kwa shida baada ya wiki kadhaa. Hali hiyo kwa kawaida huondoka yenyewe vipindi vikiisha, hivyo asikimbilie kununua miwani mpya.