Muulize Mama wa Taa: Taa za kupuliza na mawe ya Goma

Mwezi huu nusu ya barua zenu zimeuliza kitu kimoja: zile taa ndogo za sola za plastiki, unazipuliza kwa mdomo zikajaa hewa, ukimaliza unazikunja kama leso. Basi nimeweka kando barua za jenereta, nitazijibu mwezi ujao.

Mniamini au msiniamini, mimi nazikodisha kwa harusi na matanga hapa Goma mwaka wa saba sasa. Nilianza na taa 60. Leo ninazo 46. Nikiwajibu mtaona zile 14 zilikokwenda.

*Mama wa Taa, jambo sana. Harusi yangu ni Agosti, kwenye parsele ya baba mkubwa huko Himbi, karibu na ziwa. Mchumba wangu anataka lile tao kubwa la kupuliza lenye taa ndani, tupite chini yake. Mimi napenda taa ndogo, na nne tano zielee majini. Nani ana haki, na nitafute ngapi? — Bibi arusi, Himbi*

Mwanangu, wewe. Nakwambia sababu, umpelekee na yeye asome.

Lile tao halijazwi hewa mara moja likafungwa. Limeshonwa kwa uzi, hewa inatoka kwenye mishono muda wote, na feni iliyo chini inarudishia. Feni ikisimama, tao linalala. Nililiona kwa macho yangu kwenye harusi moja Katindo. Umeme ulikatika, mwenye jenereta alikuwa amekwenda kutafuta mafuta, na tao likainama polepole, kwa heshima kabisa, kama mzee anayesalimia, mpaka likalalia keki. Watoto walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya programu. Mchumba akishikilia tao lake, aweke mtu mmoja wa kulinda jenereta, na mtu huyo asiguse chupa kabla keki haijakatwa.

Sasa taa ndogo. Kwenye boksi utaona neno lumeni, ndicho kipimo cha mwanga. Mshumaa mmoja ni kama lumeni 12. Taa nyingi za kupuliza ni kati ya 50 na 100. Ya 65 ni mishumaa mitano tu. Ile balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800. Kwa hiyo usitegemee taa hizi zimwonyeshe mgeni mfupa wa samaki kwenye sahani. Meza ya chakula iwekee balbu ya kawaida, na hizi ziwe za uzuri: moja kila meza, moja kila hatua nne kwenye njia ya kuingilia, zikining'inia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Kwa meza 12 na parsele ya kiasi mimi ningeleta 24.

Chukua mwanga wa njano, usichukue ule mweupe wa kibuluu. Huo mweupe unafanya sura za watu kuwa kama za wodini, tena wadudu wanaupenda zaidi. Na zile zinazobadilisha rangi zenyewe, nyekundu, kijani, buluu, waachie watoto. Mpiga picha wangu alikaribia kulia siku moja: mama mkwe alitoka kijani kwenye picha zote za kukabidhi zawadi.

Kuhusu ziwa, angalia alama ya IP kwenye boksi. IP67 maana yake vumbi haliingii, na taa inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX4 ni ya manyunyu tu. Mvua sawa, ziwa hapana. Na uifunge! Chukua uzi wa nailoni, fundo mbili kwenye kishikio, upande mwingine ufunge jiwe, na jiwe likae chini kabisa. Hapo ndipo taa zangu mbili zilipokwenda. Upepo wa jioni ulizichukua zikiwaka, tukazitazama zikielekea Gisenyi, upande wa Rwanda, bila jetoni ya kuvuka mpaka wala kitambulisho.

Zichaji siku mbili kabla, si asubuhi ya harusi. Agosti mvua ni kidogo lakini anga lina ukungu wa vumbi, jua linakuja limechoka.

*Mama, nilinunua taa ya kupuliza hapa mjini. Boksi limeandikwa betri 10000 na masaa 48. Ninaichaji nje kutwa nzima, lakini ninaiwasha saa kumi na mbili na nusu na saa tatu usiku imeanza kufifia. Imekufa au nimeibiwa? — Papa wa watoto wanne, Ndosho*

Papa, taa haijafa. Boksi ndilo lililokudanganya. Tukae tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii itakusaidia sokoni siku zote.

Betri ya miliampea-saa 10,000, ya volti 3.7 kama zilivyo hizi za lithiamu, inabeba wati-saa 37. Sasa geuza taa, tazama paneli yake. Ikiwa ni ya ukubwa wa kiganja, inatoa kama wati 1 jua likiwa utosini na anga likiwa safi. Wewe na mimi tunaijua Goma: asubuhi ukungu, saa sita jua, saa nane mawingu yameshuka kutoka mlimani. Kutwa nzima unavuna kama wati-saa 4. Kujaza 37 kwa kuvuna 4 kwa siku ni siku tisa na zaidi, tena bila kuiwasha hata usiku mmoja. Kwa hiyo betri hiyo, hata ikiwa ni kubwa kweli, haijai kamwe. Unakula kila usiku ulichovuna mchana, na ukiiwasha kwa nguvu zote ni masaa matatu tu, ndiyo hayo unayoyaona.

Yale masaa 48 yanaweza kuwa kweli, lakini ni kwa kiwango cha chini kabisa cha mwanga, ule wa kumwonyesha mtoto mlango wa choo. Ndiyo maana nanunua taa yenye viwango vitatu vya mwanga na tundu la waya wa simu. Siku umeme upo, naijaza kwa waya. Jua namwachia kazi ya kuongezea.

Usiichajie ndani nyuma ya kioo cha dirisha. Ilaze bapa, usiiegemeze ukutani: sisi tuko chini ya ikweta kwa chini ya nyuzi mbili, jua letu linapita juu ya kichwa. Futa paneli kila asubuhi, lile vumbi jeusi la lava linaifunika bila kukuaga. Na tafadhali, usiitupe juu ya mabati. Bati la saa saba linawaka, na betri ya lithiamu haitaki kuchajiwa ikipita nyuzi 45. Weka ubao katikati. Ukiwa huitumii kwa muda, usiifungie kabatini ikiwa tupu. Iache na nusu ya chaji, na kila miezi miwili mitatu uikumbuke.

*Yangu imetoboka wiki ya kwanza. Fundi wa matairi ameiziba, kesho yake ikafunguka. Nifanye nini? — Dada wa Majengo*

Pole dada. Hapa ndipo zilipokwenda taa zangu tisa, kwa hiyo unazungumza na mtaalamu.

Wanaozitengeneza taa hizi wanawaza nyasi na mchanga wa pwani. Hawajawaza Goma, ambako ukisukuma kitu chochote chini kinakutana na jiwe la Nyiragongo, volkano yetu, lenye meno. Majengo hasa, unajua mwenyewe ulichojengea nyumba. Kwa hiyo amri ya kwanza: taa ya kupuliza haikai chini. Inaning'inia, au inakaa juu ya meza, au juu ya kipande cha godoro. Amri ya pili: usiijaze mpaka ikakazana kama ngoma. Jua likiipiga, hewa ya ndani inatanuka, na plastiki iliyokazwa inapasuliwa hata na ncha ya nyasi kavu. Zamani nilipanda na moja mpaka juu ya volkano, mita 3,470. Niliipuliza mjini, kwenye mita kama 1,500, na nilipofika kileleni ilikuwa imevimba mpaka kishikio kinalia. Hewa ya huko juu ni nyepesi, haiibani taa kutoka nje. Anayepanda na aifungue kwanza, apulize akifika.

Kuziba: ipulize, paka maji ya sabuni, tafuta mapovu. Weka alama kwa kalamu, kausha kabisa, safisha pale kwa spiriti. Gundi ya matairi imetengenezwa kwa ajili ya mpira, na hiki si mpira. Ndiyo sababu ilifunguka. Tafuta viraka vya magodoro ya kupuliza au mabwawa ya watoto, vile vya kubandika. Bandika, weka kitabu kizito juu, iache siku nzima bila kuigusa.

Ikishindikana usiitupe. Kilichokufa ni mfuko. Taa, betri na paneli ni wazima. Zangu zilizotoboka nimezifunga chini ya madumu meupe ya lita 5 yenye maji, mwanga unapanda juu, dumu zima linang'aa. Kwenye matanga watu wananiuliza nimezinunua wapi.

Na kwa kuwa ni kitu cha mdomo, futa kimdomo cha kupulizia kwa maji safi na sabuni kabla ya kumpa mtu mwingine. Kipindupindu tunakijua, hakihitaji kukaribishwa. Pumzi pia ina unyevu, asubuhi utaona matone ndani. Iache wazi kivulini ikauke.

*Je, taa hizi zinaweza kuvutia sambaza? — Mvuvi, Kituku*

Hapana kaka. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, wanafuata mwanga mkali unaoingia ndani ya maji, hizi zinatawanya mwanga mdogo pande zote. Baki na taa zako. Lakini nunua moja, uining'inize kwenye ncha ya mti mrefu wa mtumbwi, boti za injini zikuone usiku. Nyimbo zenu tunazisikia mpaka nchi kavu. Mwenye boti, kwa ule mlio wa injini yake, hazisikii.

*Mama wa Taa, sisi ni kwaya ya vijana, tunataka kulala siku mbili kando ya ziwa upande wa Bulengo. Mchungaji amekataza moto na koroboi kwa sababu ya mahema. Tukiwa na taa sita za kupuliza tutakuwa salama? Na nani alizivumbua? — Vijana wa kwaya*

Nianze na swali jepesi. Zipo kampuni kadhaa, lakini mojawapo ya za kwanza ni ya wanawake wawili, Anna Stork na Andrea Sreshta. Walikuwa wanafunzi wa usanifu majengo Columbia University, New York, tetemeko lilipopiga Haiti Januari 2010. Waliona watu wa kwenye mahema hawana taa, wakafikiria taa inayosafirishwa ikiwa bapa, nyingi ndani ya boksi moja.

Mimi niliwaelewa wanawake hao tarehe 27 Mei 2021. Nyiragongo ilikuwa imelipuka Jumamosi, Alhamisi tukaambiwa tuhame, na barabara ya Sake ikawa mto wa watu. Usiku ule nilifunga taa moja mgongoni mwa mtoto wangu mdogo, nikatembea nyuma yake. Simu zilizima zote. Niliitazama ile taa tu.

Sasa jibu kwa mchungaji. Kuhusu mahema yuko sahihi, moto na hema havikai pamoja. Lakini Bulengo, Mugunga, Kyeshero, hata sehemu za Himbi, ni nchi ya mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, imelala mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Koroboi linahitaji hewa kama sisi. Likishushwa ndani ya mazuku linafifia, linazimika, na wazee walikuwa wakiona hivyo wanapanda juu haraka, ingawa hata hapo mtu amekwisha kuchelewa kidogo. Taa ya kupuliza haivuti hewa. Itawaka vizuri sana, ya njano na nzuri, kando ya mtu aliyekwisha kufa.

Kwa hiyo chukueni taa sita, lakini msizipe kazi ya kuwalinda. Fikeni mchana, waulizeni wenyeji mashimo yako wapi. Wao wanayajua, mbuzi wao wamefia humo. Tundikeni mahema mahali pa juu penye upepo, hata kama pale chini kwenye kivuli cha mlimao panapendeza zaidi. Mtoto asitumwe kuokota mpira bondeni alfajiri. Na mtu akianguka shimoni, wa pili asimfuate kwa kukimbia, maana hivyo ndivyo wanavyopatikana watu wawili. Mchungaji nimemwandikia barua yake peke yake.

Hesabu yangu: mbili ziwani, tisa kwenye mawe. Tatu zilizobaki ziliazimwa kwa usiku mmoja tu, Pasaka ya mwaka juzi, na mashemeji zangu wa Kyeshero, ambao najua wanasoma ukurasa huu. Nipo nyumbani kila Jumapili baada ya misa.