Rimoti ya kompyuta ya sebuleni: mishale inaitika, OK imegoma

Mkuu, usinunue rimoti nyingine bado, na LIRC, ile programu ya zamani ya kusoma rimoti kwenye Linux, usiiguse kwanza. Narudia kwa ufupi ulichoeleza ili na wengine wafuate: kompyuta yako ya sebuleni inaendesha Kodi (programu ya kuchezea sinema) juu ya Linux ya kawaida yenye X (sehemu inayochora skrini na kupokea vitufe), risiva, yaani kipokezi cha mwanga wa rimoti, ni ile ya USB ya aina ya MCE (mtindo wa rimoti za Windows Media Center), LIRC uliiweka kwa kufuata mwongozo fulani, na tangu uhamie mfumo huu mishale na sauti vinafanya kazi lakini OK, namba na kitufe cha maelezo havifanyi chochote. Mara nyingine mshale mmoja unaruka hatua mbili. Na kompyuta ikilala, rimoti haiiamshi.

Hayo ni matatizo matatu tofauti, na ndiyo maana ushauri uliopewa unapishana. Nimeishi na kompyuta za namna hii miaka mingi, nikatengeneza na za ndugu na marafiki. Jambo ninalolishikilia ni moja: kabla hujabadilisha kitu chochote, jua mbonyezo wako unafia wapi. Kidole kikibonyeza, taa ya rimoti inatoa mapigo ya mwanga usioonekana. Risiva inayageuza kuwa umeme. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inapima urefu wa kila pigo na kupata namba, yaani skankodi. Jedwali linaipa namba hiyo jina la kitufe. Jina linakwenda X, na X inampelekea Kodi. Njia ni ndefu, na kila hatua ina namna yake ya kuharibika.

Kifaa cha kuangalia katikati ya njia hiyo kinaitwa `ir-keytable`. Ingia kwenye kompyuta hiyo kwa SSH (kuandika amri kupitia mtandao) kutoka mashine nyingine, ukiwa umekaa palepale unapokaa ukitazama sinema, kwa sababu umbali na pembe ni sehemu ya jaribio. Kisha andika:

`sudo ir-keytable -t`

Bonyeza OK mara moja tu, kwa ufupi. Kwa maelezo yako natarajia utaona kitu kama hiki:

`lirc protocol(rc6_mce): scancode = 0x800f0422 toggle=1`
`event type EV_KEY(0x01) key_down: KEY_OK(0x0160)`

Ukiona mistari hiyo, rimoti ni nzima, betri ni nzima, risiva ni nzima na draiva ni nzima. Kila kitu hadi kwenye kerneli kimefanya kazi yake. Kitufe kinafia mbele ya hapo, na naamini najua ni wapi.

Angalia namba iliyo kwenye mabano, 0x0160. Kwa hesabu ya kawaida ni 352. X ina kikomo cha zamani sana: namba ya kitufe haivuki 255, na tena X huongeza 8 juu ya namba ya kerneli. Kwa hiyo kitufe chochote ambacho kerneli inakiita zaidi ya 247 hakifiki kwa Kodi. Hakuna ujumbe wa kosa wala onyo, kinapotea tu. Sasa linganisha na dalili zako. Mshale wa juu ni 103, wa chini ni 108, kuongeza sauti ni 115: vyote vinapita. KEY_OK ni 352, KEY_INFO ni 358, namba za rimoti zinaanzia KEY_NUMERIC_0 ambayo ni 512: zote zinakwama. Orodha ya vitufe vyako vilivyokufa inalingana na kikomo hicho moja kwa moja. Kama mfumo wako wa zamani ulikuwa unaendesha Kodi bila X, ndiyo sababu rimoti hiyohiyo ilikuwa haikusumbui kule.

Dawa yake ni kubadilisha majina kwenye jedwali. Nakili jedwali la MCE ulipeleke kwenye folda yako, ili sasisho lijalo lisikufutie kazi:

`sudo mkdir -p /etc/rc_keymaps`
`sudo cp /lib/udev/rc_keymaps/rc6_mce.toml /etc/rc_keymaps/`

Fungua nakala hiyo, tafuta mstari wa 0x800f0422 na uandike KEY_ENTER badala ya KEY_OK. KEY_INFO ifanye KEY_I, kwa kuwa Kodi inaielewa herufi i ya kibodi kama maelezo. KEY_NUMERIC_1 iwe KEY_1, na zote zinazofuata vivyo hivyo. Kitufe cha kurudi nyuma kikisumbua, kipe KEY_BACKSPACE. Menyu ya pembeni ni KEY_C. Kwa ufupi, ifanye rimoti ijifanye kibodi ya kawaida, kwa sababu vitufe vya kibodi Kodi inavifahamu bila kufundishwa. Ukimaliza:

`sudo ir-keytable -c -w /etc/rc_keymaps/rc6_mce.toml`

Herufi c inafuta jedwali la zamani kabla ya kuingiza jipya. Usiiache, la sivyo utabaki na mchanganyiko wa majina usioeleweka. Jaribu OK papo hapo. Ikikubali, hakikisha `/etc/rc_maps.cfg` ina mstari unaoelekeza rc-rc6-mce kwenye faili la rc6_mce.toml, ili jedwali lijipakie kila unapowasha. Kama mfumo wako ni wa zamani kidogo, faili halitakuwa na mwisho wa toml bali maandishi matupu ya namba na jina. Wazo ni lilelile.

Na kama ulipobonyeza OK hukuona mstari wowote? Basi rudi nyuma kwenye mwanga. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Tumia kamera ya mbele, kwa sababu nyingi za nyuma zina kichujio kinachozuia mwanga huu wa nanomita 940. Ukiona taa inametameta kwa rangi ya zambarau iliyopauka, rimoti inatoa mwanga. Lakini kipimo hiki kina mpaka wake: kinaonyesha kwamba taa inawaka, hakionyeshi kwamba inasema lugha ambayo kerneli inaisikiliza. Rimoti ya protokali, yaani lugha ya mapigo, ya NEC itametameta vizuri kabisa mbele ya kamera, na kompyuta iliyowekwa kusikiliza RC-6 (lugha ya rimoti za MCE) peke yake isione kitu. Hapo unaruhusu zote kwa muda, `sudo ir-keytable -p all -t`, ubonyeze, na mstari utakutajia protokali yenyewe.

Sasa hili la kuruka hatua mbili, ambalo watu wanalichanganya kuliko yote.

Rimoti ya infraredi haina ujumbe wa kuachia kitufe. Kibodi ikiachiwa husema imeachiwa, rimoti hunyamaza tu. Kidole kikiendelea kubonyeza, inarudia ujumbe kila baada ya takribani sehemu ya kumi ya sekunde, na kerneli ikiona kimya kimezidi kiasi, inaamua yenyewe kwamba kitufe kimeachiwa. Maana yake ni kwamba ujumbe mmoja ukipotea hewani katikati ya mbonyezo, kerneli inaweza kudhani umeachia na kubonyeza tena. Mbonyezo mmoja unakuwa miwili. Hiyo ni njia ya kwanza, na chanzo chake ni mwanga: betri dhaifu, pembe mbaya, au kelele ya taa nyingine.

Njia ya pili haina uhusiano na mwanga hata kidogo. Kerneli inapeleka kitufe kwa X kama kibodi, na wakati huohuo `lircd`, huduma ya LIRC inayofanya kazi chinichini, inasoma risiva ileile na kumpelekea Kodi nakala yake. Kodi inasikiliza sehemu zote mbili, inapata mshale mara mbili, inasogea mara mbili. Inatii kilichoingia.

Kuzitofautisha ni rahisi ukirudi kwenye `ir-keytable -t`. Bonyeza mshale mara moja huku ukitazama maandishi na skrini. Ukiona key_down, key_up, halafu key_down nyingine kwa mbonyezo mmoja, tatizo ni mwanga. Ukiona jozi moja safi ya key_down na key_up lakini skrini imesogea mara mbili, tatizo ni programu, na hata ubadilishe betri kila siku haitasaidia. Kwa kuwa ulisema uliweka LIRC kwa kufuata mwongozo fulani, nadhani wewe uko upande wa programu. Miongozo mingi ya LIRC iliandikwa kabla ya mwaka 2010, wakati kerneli ilikuwa haijaanza kutafsiri rimoti yenyewe. Tangu kerneli 2.6.36 draiva za risiva hizi zimo ndani, na kwa risiva ya MCE humhitaji `lircd` kabisa. Izime:

`sudo systemctl disable --now lircd.socket lircd.service`

Zizime zote mbili, huduma na soketi, yaani mlango wake wa mawasiliano. Ukizima huduma ukaacha soketi, itaamshwa tena kitu kikigusa soketi hiyo, na utajiona unarudi ulikotoka.

Kuna anayesumbuliwa na jambo linalofanana: akishikilia mshale kidogo tu, orodha inakimbia. Watu humwambia abadilishe muda kwa `ir-keytable -D`. Chini ya X hilo halitabadilisha kitu, kwa sababu X inapuuza marudio ya kerneli na kutengeneza yake. Pa kurekebisha ni `xset r rate`, namba ya kwanza ni milisekunde za kusubiri kabla marudio hayajaanza, ya pili ni marudio kwa sekunde.

Nirudi kwenye kelele ya mwanga, kwa maana ndiyo inayowachosha watu kwa kujificha. Risiva imetengenezwa isikilize mwanga unaopepesa takribani mara 36,000 hadi 40,000 kwa sekunde, na ndani yake kuna sakiti inayojipunguzia usikivu ikiona mwanga wa namna hiyo hauishi. Taa fulani za kubana umeme, na taa za nyuma ya kioo za baadhi ya televisheni, hupepesa kiasi cha kuichanganya. Niliwahi kuitwa kwenye rimoti iliyokuwa inafanya kazi kwenye menyu nyeusi na kugoma picha ikiwa na mwanga mwingi. Mwenyewe alishabadilisha betri na rimoti pia. Tukaendesha `sudo ir-ctl -r`, inayoonyesha mapigo ghafi kwa mikrosekunde. Mbonyezo safi wa RC-6 huanza na pigo refu la karibu 2,700 na kimya cha karibu 900, kisha vipande vifupifupi vyenye mpangilio. Pale, bila mtu kugusa rimoti, mistari ilikuwa inamiminika kila filamu ilipofika kwenye anga jeupe, na ilitulia usiku wa filamu ulipoingia. Risiva ilikuwa imelala chini ya ukingo wa televisheni, inatazama mwanga wake. Tuliihamisha pembeni kwa waya wa kurefusha USB, tukaizungushia kipande cha karatasi nyeusi ubavuni ili ione mbele tu. Ikaisha hapo.

Kwa wenye rimoti za kufundishwa, zile zinazonakili vitufe vya rimoti nyingine, tazameni neno toggle kwenye ule mstari wa kwanza. RC-5 na RC-6 hubadilisha biti hiyo kila mbonyezo mpya, 0 kisha 1 kisha 0, ili kutofautisha kushikilia na kubonyeza upya. Rimoti iliyonakili mbonyezo mmoja huurudia ulivyo, biti haibadiliki kamwe, na ukibonyeza harakaharaka kerneli inaona mshikilio mmoja mrefu. Rimoti yenye MCE ndani ya orodha yake ya vifaa, badala ya kufundishwa, kwa kawaida haina shida hiyo.

Mwisho, kuamsha. Hapa kerneli imelala, kwa hiyo risiva yenyewe ndiyo inayoamua. Angalia kwanza kama inapata umeme: kama taa yake inazima kabisa kompyuta ikilala, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) na uzime chaguo la ErP, ambalo hukata umeme wa USB. Kisha tafuta risiva iko kwenye njia ipi kwa `grep . /sys/bus/usb/devices/*/product`, na kwenye folda hiyo usome `power/wakeup`. Ikisema disabled, andika enabled:

`echo enabled | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-4/power/wakeup`

Hiyo 1-4 ni mfano, weka yako. Ikifanya kazi, iandikie kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa), maana thamani hiyo haidumu ukizima na kuwasha. Na kumbuka risiva ya MCE husubiri msimbo wa MCE ikiwa imelala. Rimoti ya NEC inaweza kuendesha kila kitu kompyuta ikiwa macho na bado isiweze kuiamsha.

Anza na OK, mkuu. Kama baada ya kubadilisha jedwali bado imegoma, weka hapa mistari yote ya `ir-keytable -t` ya mbonyezo mmoja wa OK na mmoja wa mshale, pamoja na matokeo ya `ir-keytable` peke yake bila herufi yoyote, tuone protokali na jedwali vilivyopakiwa.